Aliyewapikia Wapelelezi Kahawa

Nilimdhania Ardis Kvamme mwoga. Sioni namna ya kuanza kumsimulia bila kukubali hivyo kwanza, maana mengi niliyoyaona baadaye niliyaona kupitia dhana hiyo, kama mtu atazamaye barabara kupitia kioo chenye ukungu. Nilisoma historia na katiba chuo kikuu, nikarudi Solem, mji wetu mdogo wa wakulima, kufundisha uraia katika shule ileile niliyosomea, na kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mtu asiye na kosa hasimami mbele ya jaji akasema analo. Ardis aliposimama na kusema, sikubakiwa na maelezo ila mawili: ama alikuwa na jambo kubwa kuliko lile aliloshtakiwa, ama alitishwa akatishika. Kumdhania mwizi nilishindwa, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha shule ya Jumapili. Basi nikamdhania mwoga, tena nikajiona nimemhurumia.

Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyekulia kwenye zizi la ng'ombe. Alifanya kazi kwenye mizani ya ghala la ushirika, mahali malori ya ngano na mahindi yanapopimwa, hadi alipostaafu. Baada ya hapo akabaki na kazi moja ambayo hakuna aliyempa wala aliyethubutu kumnyang'anya: kahawa. Watu wa Solem huzikwa, huoana, hupiga kura na kugombana kuhusu barabara, na kote huko Ardis alikuwa nyuma ya dirisha la jikoni na birika lake la enameli. Aliipika kama bibi zetu walivyoipika. Huvunja yai zima, ganda na vyote, akalivuruga na kahawa iliyosagwa, akautia ujiuji huo mweusi katika maji yanayochemka, kisha akautuliza kwa kikombe cha maji baridi. Mashapo huzama, na kinachomiminwa ni kinywaji angavu cha rangi ya asali. Wageni hucheka mpaka waonje.

Kahawa hiyo ina adabu zake. Ukikaribishwa mara ya kwanza, unakataa, usije ukaonekana mlafi. Ukikaribishwa mara ya pili, unasema labda, ikiwa mwenyeji hasumbuki. Mara ya tatu unaomba nusu kikombe, na nusu hiyo hujazwa mpaka ukingoni.

"Walikubali mara ya kwanza," Ardis alinisimulia juu ya wapelelezi wa serikali kuu waliogonga mlango wake katikati ya majira ya baridi. "Wote wawili, yule bwana na yule binti. Nikasema moyoni, hawa si wa huku."

"Kwa nini uliwafungulia?" nilimwuliza. Wakili wake alikuwa amemwuliza hivyohivyo.

"Loren, nje kulikuwa na baridi ya kupasua meno. Hata mbwa wa jirani ninayegombana naye nisingemwacha ngazini."

Wapelelezi hao walikuwa wakichunguza wizi wa bima ya mazao. Wakulima fulani, katika wilaya kadhaa, walidai kwamba mvua ya mawe imewaangamizia mazao, wakalipwa na serikali, kisha wakayauza mazao yaleyale kwa siri chini ya majina ya wengine. Kwa wizi wa namna hiyo lazima pawepo mtu wa mizani anayefumba macho, na kwa sababu hiyo walimshuku Gaylen Rusk, meneja wa ghala letu. Walikuwa na picha za gari lake, na gari la mkulima mmoja, yameegeshwa nyuma ya kanisa la Kilutheri jioni za Jumanne. Ardis ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kanisa. Wakanywa kahawa, wakasifu biskuti zake, wakamwuliza habari za marehemu mumewe. Kisha, kana kwamba ni neno la kuagana, yule bwana akauliza, "Mama, Jumanne jioni huwa kuna mkutano wowote pale kanisani?"

"Hapana," Ardis akajibu. "Jumanne kanisa hufungwa."

Wakamshukuru, wakaenda zao. Theluji ilipoanza kuyeyuka walirudi na mashtaka. Hakushtakiwa kwa wizi, bali kwa kuwadanganya maofisa wa serikali kuu, kosa ambalo kwetu halihitaji kiapo wala karatasi. Linatosha neno moja la uongo lililosemwa kwenye meza ya jikoni, mradi liwe linahusu jambo linalochunguzwa. Wakili wake, Phyllis Orvik, akamletea mapatano. Akikiri kosa hilo moja, serikali ingeridhika. Akikataa, angeunganishwa katika shauri la bima pamoja na wengine, na hapo habari ingekuwa ya miaka gerezani.

Siku ya kukiri nilimpeleka mimi kwa gari langu. Alivaa koti lake la mazishi. Jaji alikuwa mzee mpole mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, naye akaanza kumsomea maswali ambayo kila anayekiri husomewa. Unaelewa haki unazoziacha? Ninaelewa. Umekunywa dawa au kileo chochote leo? Kahawa tu, Mheshimiwa. Maneno uliyowaambia maofisa yalikuwa ya uongo, nawe ulijua? Yalikuwa ya uongo, nami nilijua. Kisha likaja swali ambalo nimewafundisha watoto kwamba ndilo ngao ya haki yenyewe.

"Je, kuna mtu yeyote aliyekutisha ili ukiri?"

Nilimwona Ardis akimtazama jaji kama alivyozoea kumtazama dereva wa lori aliyekuwa akibishana na mizani.

"Mheshimiwa, niliambiwa nikikataa nitaingizwa katika kesi ya wezi wa bima, na mimi bima hiyo hata sijaiona. Hilo mnalihesabuje?"

Mwendesha mashtaka akainuka nusu. Phyllis akafumba macho. Jaji akaivua miwani ya puani, akaeleza, kwa upole wa kweli na wala si wa kuigiza, kwamba mwendesha mashtaka ana haki ya kumjulisha mshtakiwa mashtaka mengine yanayoweza kumkabili, kwamba hilo kisheria si tishio, na kwamba yeye anauliza kuhusu vitisho vya namna nyingine. Akamwuliza tena.

"Kama ni hivyo, Mheshimiwa, hapana," Ardis akasema. "Hakuna aliyenitisha."

"Nakushukuru, Bi Kvamme."

Tulikuwa njiani kurudi, tumekwisha kuvuka mto, aliponiita.

"Loren."

"Naam."

"Mara ya kwanza nilidanganya jikoni kwangu, wakanishtaki. Leo nimedanganya mle ndani, na jaji akanishukuru."

"Hukudanganya, Ardis. Jaji amekufafanulia maana ya tishio kisheria."

"Ndiyo," alisema. "Amenifafanulia vizuri sana."

Huku kwetu "vizuri sana" ikitamkwa kwa sauti ile, ni sawa na mlango uliobamizwa. Mimi, hata hivyo, niliisikia kama manung'uniko ya mtu aliyeshindwa.

Hukumu ilisogezwa hadi baada ya mavuno, na katika pengo hilo siasa ikaingia. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na nchi nzima ilikuwa ikibishana juu ya watu mashuhuri waliokiri makosa mbele ya wapelelezi kisha wakasema walilazimishwa. Wagombea ubunge wa jimbo letu, Curtis Aamodt na Renata Pohl, walikuja Solem kwa mdahalo katika ukumbi wa shule, nami nikapewa kazi ya kusoma maswali. Lazima niseme, kwa kuwatendea haki wote wawili, kwamba miaka michache nyuma, walipochunguzwa watu wa upande mwingine, vyama vyao vilikuwa vimeshika hoja hizihizi kinyumenyume. Kila chama huona uonevu pale tu nyundo inapoangukia kidole chake.

Aamodt ndiye aliyemtaja kwanza. "Hapa hapa Solem," alisema, mkono kifuani, "kuna mama wa watu, mpika kahawa, ambaye serikali kuu imemkaba koo mpaka akakiri! Mnaiita hiyo haki?"

"Alikiri kwa kinywa chake, mbele ya jaji, akiwa na wakili," Pohl akajibu. Mwenyewe alikuwa wakili, naye alisema bila ukali. "Tukianza kusema kukiri si kukiri, wanyonge ndio watakaokosa sheria ya kuwalinda. Au sheria ni kwa wasiojua kupika kahawa?"

Watu walicheka, wengine wakazomea. "Mwacheni Ardis amimine!" mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Tumekuja kwa ajili yake, si kwa ajili yenu!"

"Na aseme mwenyewe!" mwingine akadakia.

Vichwa vyote vikageukia dirisha la jikoni. Ardis alikuwa na birika mkononi. Aliliweka chini, akajifuta viganja kwenye aproni.

"Mimi nimekuja kuosha vikombe," alisema.

"Sema, Ardis!"

"Sina la maana."

"Sema tu!"

Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na kwa hiyo akasema. "Curtis, asante kwa kunionea huruma, lakini uongo ule niliusema mimi. Usininyang'anye. Nawe Bi Renata, kweli nilikiri. Ila mtu akiwa kwenye nyumba inayoungua, akaonyeshwa mlango wa moto na mlango wa moshi, akapita kwenye moshi, msimwandike kwamba anapenda moshi." Akalichukua birika lake. "Haya, nani hajapata?"

Pohl aliinamisha kichwa, akaandika kitu, nami nikasoma swali lililofuata, lililohusu daraja.

Ukumbi ulipokwisha kutawanyika, Aamodt alinifuata na habari njema. Rafiki yake, wakili mashuhuri mjini, alikuwa tayari kumsaidia Ardis bure kuomba kuyafuta maneno yake ya kukiri kabla ya hukumu. Kilichohitajika ni Ardis kueleza tu kwa nini alidanganya. "Akiwa na sababu nzuri," alisema, "hata mwendesha mashtaka anaweza kuona haya. Akinyamaza, anaweza kulala gerezani Krismasi hii." Nilikimbilia jikoni kama mtu aliyebeba dawa.

"Hapana, asante," Ardis alisema, mikono yake ndani ya maji ya sabuni.

"Ardis, hujanisikiliza."

"Nimekusikia. Si lazima huyo bwana asumbuke kwa ajili yangu."

Nilichukua kitambaa, nikaanza kukausha vikombe, nikajaribu mara ya tatu, kama inavyopasa, safari hii kwa swali. "Kwa nini uliwaambia kanisa hufungwa Jumanne?"

Alifunga bomba. "Kwa sababu Jumanne wanakuja watu kuacha pombe," alisema. "Kule chini ya kanisa, karibu na tanuri la kupashia jengo joto. Wana sheria moja: unayemwona pale hukumwona, na unalolisikia pale hulitoi nje. Yule bwana aliuliza, nikajibu kama ninavyomjibu kila mtu anayeuliza. Sikuwaza serikali. Ulimi wangu umezoea."

Kwa hiyo Gaylen hakuwa akipanga wizi nyuma ya kanisa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, na kikombe cha kahawa ya yai, akijaribu kuimaliza Jumanne moja bila kulewa. Nilihisi wepesi wa ajabu; hesabu yote ilikuwa imekaa sawa.

"Basi mwambie wakili! Mwache Gaylen aseme mwenyewe alikuwa wapi!"

"Alishataka. Alikuja kwangu akilia, jitu zima lile. Nikamwambia, Gaylen, ukisimama kizimbani wataanza na wewe, lakini swali la pili litakuwa: nani mwingine alikuwepo? Utakuwa umeapa kwa Mungu. Utajibu nini? Mlango ule haufunguki nusu." Akanipa kikombe kingine. "Kuna mmoja pale ndiyo kwanza ameanza kupumua mwaka huu. Mji huu ukilijua jina lake, kesho yake hana kazi, na keshokutwa hana watoto. Na usinitazame hivyo. Usianze kukisia."

Sikukisia. Au nilikisia, kisha nikajikataza.

"Lakini wewe unaweza kufungwa, Ardis."

"Ninaweza," alisema. "Nina miaka sabini na mmoja, na sina mtoto wa kunyang'anywa. Kama kuna mtu ana nafasi ya kufungwa mwaka huu, ni mimi." Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki, akanipigapiga mgongoni kwa mkono uliojaa povu, kama alivyonifanyia nilipokuwa mtoto na kusahau mstari wangu katika igizo la Krismasi. "Wewe umesoma, Loren. Ulinidhania sijui ninachofanya?"

Nilikausha kikombe kilichokwisha kukauka. Naye hakudai jibu, jambo ambalo lilikuwa ukarimu wake mwingine.

Watu wa Jumanne wenyewe ndio walioniruhusu niyaandike haya, baada ya kushauriana, kwa sharti kwamba nisimtaje yeyote ila Gaylen, ambaye amekubali, na Ardis, ambaye hayupo tena kukataa.

Hukumu ilitolewa theluji ya kwanza ilipoanguka. Jaji alimwuliza kama ana neno, naye akasema anasikitika kuwasumbua watu wote hao. Phyllis alikuwa amewasilisha barua za mji mzima, na inasemekana mojawapo ilitoka kwa Renata Pohl, ambaye alikuwa ameshinda uchaguzi. Ardis hakufungwa. Alipewa miaka miwili ya uangalizi wa mahakama, na kwa miaka hiyo alipoteza haki ya kupiga kura na ile meza yake ya msimamizi kwenye kituo cha uchaguzi, meza aliyoikalia tangu nikiwa kijana. Kesi ya bima nayo iliisha. Mkaguzi mmoja wa bima wa wilaya nyingine alihukumiwa, pamoja na wakulima wake. Gaylen hakushtakiwa kamwe. Katika Solem yote, mtu pekee aliyepatikana na hatia katika shauri lile alikuwa Ardis.

Tangu hapo nimebadili somo langu. Sikuwageukia wanafunzi na kuwaambia kwamba kila anayekiri ameonewa. Hilo lingekuwa kosa jingine lililovaa nguo mpya. Ninawasomea swali la jaji, kisha ninawauliza wangejibu nini, na kwa nini. Wengi husema wangesema kweli. Ninawaacha wabishane mpaka kengele ilie, nami sijui kama huko ni kufundisha au kukwepa kufundisha.

Baadaye Ardis alianguka kwenye barafu akavunjika nyonga, akahamia nyumba ya kutunzia wazee. Nilipomtembelea mara ya mwisho alinipa ufunguo wa kanisa.

"Jumanne," alisema. "Yai zima, usitoe ganda. Ukimaliza kumimina, ondoka zako. Usikae kusikiliza."

"Mimi, Ardis?"

"Wewe. Umejifunza kutokukisia."

Alikufa kabla ya majira ya kuchipua. Jumanne iliyofuata mazishi nilishuka chini ya kanisa, kama nilivyofanya tangu anipe ufunguo, nikavunja yai, nikapika kahawa, nikaituliza kwa maji baridi, nikaanza kupanga viti vya kukunja kwa duara. Gaylen alifika mapema, akanisaidia. Kimoja, kile kilichokuwa karibu kabisa na tanuri, hakikuwa kikikunjwa kama vingine. Kilikuwa kimesimama palepale wiki zote, na kwenye kiti hicho mtu alikuwa ameweka mto mdogo wa sufi. Siku hiyo nilitaka kukisogeza ili duara likae sawa.

"Kiache, Mwalimu," Gaylen alisema.

"Kuna anayechelewa?"

"Hapana. Ni cha Ardis."

"Alikuwa akipumzikia hapo akimaliza kumimina?"

Gaylen alinitazama kama anayepima kama lori limejaa au bado.

"Hakuwa akimimina tu," alisema. "Mwaka aliofiwa na mumewe, alikuwa akinywa tangu asubuhi mpaka anaanguka. Mkutano huu aliuanzisha yeye. Nilipokuja mimi mara ya kwanza, alikuwa amekaa hapo peke yake, na birika la kahawa ya watu ishirini."